Nani Apite Kwanza Mkongo Unapokatika?

Mhadhara kwa umma, Bujumbura

Poleni nyinyi mliotembea kwa miguu kwa sababu mabasi hayakupata mafuta. Nitazungumza Kiswahili cha kawaida, kinachoeleweka mtaani Buyenzi na Dar es Salaam. Maneno machache ya mitambo nitayaacha kama mafundi wetu wanavyoyatamka, maana hata wao wakiongea Kirundi au Kifaransa ndivyo wanavyoyaita.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mkongo wa baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu kwa wakati mmoja kaskazini mwa Durban. Kutoka ukumbi huu hadi bahari iliyo karibu nasi ni zaidi ya kilomita elfu moja, na Durban ni mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Hata hivyo pigo lile lilisikika Afrika Mashariki nzima. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na sisi tusio na pwani tunaitegemea sana Tanzania tunapotaka kufika baharini. Meli ya ukarabati, Léon Thévenin, ilibidi ing'oe nanga Cape Town, isafiri, izivue ncha za waya kutoka kilindini, kisha mafundi waziunge uzi kwa uzi, kila uzi mwembamba kama unywele.

Mtu atauliza: kwa nini trafiki isigeukie kaskazini, kupitia Bahari ya Shamu? Sehemu yake iligeuka. Tatizo ni kwamba Februari ya mwaka uleule, nyaya tatu zilikuwa zimekatika huko: Seacom hiyohiyo, AAE-1 na EIG. Wengi wanaamini zilikatwa na nanga ya meli Rubymar, iliyopigwa kombora tarehe 18 Februari ikawa inaelea bila nahodha kabla ya kuzama. Kwa hiyo Mei ilipofika, kaskazini palikuwa pembamba na kusini pamekatika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mada yetu inapoanzia. Intaneti haikufa siku ile. Kurasa zilifunguka nusu, simu za WhatsApp ziliita lakini sauti ikaja kwa mapande, na barua pepe zilifika zikiwa zimechelewa. Njia zilizobaki zilikuwa zinafanya kazi, ila zilikuwa zimebebeshwa mzigo wa njia zilizokatika. Kukatika kule Durban kulimfikia mteja wa huku kwa sura ya foleni. Vyuoni kwetu uelekezaji wa pakiti, yaani vifurushi vya data, hufundishwa muhula mmoja na ubora wa huduma muhula mwingine, na walimu wawili ambao huenda hawasalimiani. Kwa mji kama Bujumbura hayo ni somo moja. Aliyepanga njia ya akiba bila kupanga nani apite kwanza amefanya nusu ya kazi. Aliyepanga nani apite kwanza bila kuwa na akiba yoyote, siku ya maafa hana cha kugawa.

Tuanze na foleni, kwa sababu foleni iko hata nyumbani kwako.

Chukueni nyumba moja ya Buyenzi. Kuna ruta ndogo ukutani, na njia yake ya kupandisha data ni megabiti 2 kwa sekunde. Mama anaongea kwa WhatsApp na mdogo wake aliyeko Muscat. Sauti yake inakatwa vipande vya milisekunde 20, kila kipande kinatiwa ndani ya pakiti, kwa hiyo pakiti 50 zinaondoka kila sekunde. Mzigo wenyewe ni mwepesi, makumi machache ya kilobiti, na njia ya megabiti 2 ingeubeba bila kujua. Lakini chumba cha pili kijana amerudi kutoka harusini, na simu yake imeanza kupandisha video za harusi yote. Video hizo zinaijaza kumbukumbu ya ruta, ile sehemu pakiti zinaposubiri zamu. Tuseme kumbukumbu hiyo inabeba megabaiti 1. Megabaiti 1 ni megabiti 8, na megabiti 8 zikipita kwenye njia ya megabiti 2 zinachukua sekunde 4. Kila neno la mama linasubiri sekunde 4 nyuma ya picha za keki. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza ucheleweshaji wa sauti kwa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili watu waongee bila kugongana. Sisi tuko kwenye 4,000. Mama atamwita mtoa huduma mwizi. Mtoa huduma atapima kasi, atakuta megabiti 2 kamili, na atamwambia kila kitu kiko sawa.

Wote wawili hawasemi uongo. Kilichopimwa ni kimoja tu, uwezo wa njia, na mazungumzo ya sauti yanadai mambo mengine: pakiti zichelewe kidogo, zichelewe kwa kiasi kilekile kila mara, na zisipotee nyingi. Kuyumba kwa ucheleweshaji humkera msikilizaji kuliko kuchelewa kwenyewe. Wazee waliopiga simu Ulaya enzi za satelaiti wanakumbuka hali hiyo. Satelaiti ile ilikuwa umbali wa kilomita 36,000 juu, sauti ikipanda na kushuka tayari robo ya sekunde imekwenda, lakini robo hiyo ilikuwa ileile siku zote na watu wakaizoea. Walijifunza kungoja mwenzao amalize.

Ugonjwa wa kumbukumbu kubwa mno ndani ya ruta ulipewa jina na Jim Gettys mwaka 2010, baada ya kuuona kwenye mtandao wa nyumbani kwake. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walileta dawa, kanuni inayoitwa CoDel. Kanuni hii haijali foleni ina pakiti ngapi. Inaangalia pakiti imesubiri muda gani. Subira ikizidi milisekunde 5 kwa muda mrefu, ruta inaanza kutupa pakiti moja moja, na mtumaji anapoona pakiti zake zinapotea anapunguza mwendo. Linasikika kama wazimu, kutupa mzigo wa mteja ili kumhudumia vizuri. Lakini kupoteza pakiti kwa kiasi ndiyo njia ambayo mtandao wetu umeizoea ya kumwambia mtumaji, punguza. Baadhi ya ruta za bei nafuu zinazouzwa mjini hapa zinaweza kuwekewa programu yenye kanuni hiyo, bure. Ukiniuliza fedha ya kwanza ya ubora wa huduma Burundi iende wapi, ningesema iende kwa fundi wa kuzunguka majumbani akifanya hivyo, kabla ya mtu yeyote kununua megabiti nyingine.

Huyo Jacobson ana historia. Oktoba 1986 kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyo jirani kabisa, ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Kompyuta zilikuwa zinaona jibu limechelewa, zinatuma upya, na kule kutuma upya ndiko kukaijaza njia hata zaidi. Mwaka 1988 alichapisha namna ya kuzifundisha kompyuta kurudi nyuma zinapoona dalili za msongamano, na mpaka leo simu zenu zinafuata adabu hiyo. Siku ya 12 Mei 2024, mamilioni ya vifaa vilirudi nyuma vyenyewe bila kuambizana. Ndiyo sababu tulipata intaneti ya kutambaa badala ya kukosa kabisa.

Adabu hiyo lakini haina macho. Inampunguza daktari anayetuma picha ya eksirei sawasawa na inavyompunguza anayepakua sinema. Hapo ndipo linaingia suala la kipaumbele.

Desemba 1998 wahandisi wa intaneti walikubaliana mfumo uitwao DiffServ. Kwenye kichwa cha kila pakiti kuna biti 6 za kuandika daraja lake, na ruta ikizisoma inaweza kuiweka pakiti ya sauti mbele na ya masasisho ya simu nyuma. Ni mfumo mwepesi, na uko tayari ndani ya karibu ruta yoyote ya kampuni ya mawasiliano. Watu huuelewa vibaya kwa namna moja: hudhani unaongeza kasi. Mmesimama kwenye vituo vya mafuta vya mji huu, mnajua. Gari la wagonjwa likipitishwa mbele ya foleni, mafuta hayajaongezeka hata lita moja. Wengine wote wamerudi nyuma hatua moja. Na kituo kikiwa kikavu, hata gari la wagonjwa halipati kitu.

Kwa sababu hiyo nchi tajiri hazikuhangaika sana. Mwaka 2002 watafiti wa Internet2, mtandao wa vyuo vikuu vya Marekani, waliandika wazi kwa nini mpango wao wa huduma ya daraja la juu haukufika popote: kuongeza uwezo wa njia kulikuwa rahisi na nafuu kuliko kusimamia madaraja. Walisema kweli, kwa kwao. Wenye mkongo mwingi uliolala chini ya ardhi hawana haja ya kuamua nani asubiri. Nimeona hoja hiyo ikinakiliwa na kuletwa huku kama ilivyo, na nadhani ni kosa. Sisi megabiti ya kimataifa tunainunua baada ya kuvuka nchi nyingine na bahari. Hatuwezi kuweka akiba ya kumtosha kila mtu siku ya maafa. Basi lazima tukiri uhaba na tuupange, tukiwa na akili tulivu, kabla meli haijaburuta nanga.

Jambo moja la kiufundi lisipite hivihivi: zile biti 6 zina nguvu ndani ya mtandao wako tu. Pakiti ikivuka kwenda kwa kampuni nyingine, mara nyingi alama inafutwa au inapuuzwa, maana kila mtu angejiandikia daraja la kwanza. Kipaumbele kilichopangwa Bujumbura hakina mamlaka Dar es Salaam, sembuse Marseille. Kinachowezekana ni kupanga foleni kwenye lango letu wenyewe, pale ambapo njia ya nje inaanzia. Bahati njema, kwa kawaida hapo ndipo penye uhaba.

Tuje kwenye njia zenyewe.

Mitandao ya dunia inaelezana njia kwa itifaki iitwayo BGP. Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 juu ya karatasi za kufutia mikono, wakati wa chakula, kwenye mkutano wa wahandisi. Ilikusudiwa kuziba pengo la muda mfupi, bado inatubeba. Kila mtandao unatangaza anwani unazoweza kuzifikia na orodha ya mitandao iliyo katikati. Ruta inatazama kwanza mapatano ya kibiashara iliyoandikiwa na mwenyewe, halafu urefu wa orodha. Haiulizi njia imejaa kiasi gani, wala pakiti ngapi zinapotea. Kwa BGP, njia iliyosongwa hadi haipitiki ni njia nzima ilimradi tangazo lake halijaondolewa. Mei 2024 hilo lilikuwa na maana kubwa: mwenye njia mbili angeweza kuona zote mbili zikiwa kijani kwenye skrini huku moja ikipoteza pakiti hovyo. Ilihitaji binadamu anayepima, aone, kisha asukume trafiki upande wa pili kwa mkono.

Na hata njia ikifa kabisa, BGP si nyepesi wa kugundua. Jirani akinyamaza, ruta inangoja. Hati ya kanuni zake inapendekeza kungoja sekunde 90, na ruta nyingi maarufu hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa 180. Linganisheni na mitambo ya mkongo wa umbo la pete, ambayo kwa desturi yake hugeuza trafiki upande wa pili ndani ya milisekunde 50, kabla mzungumzaji hajamaliza silabi. Kati ya milisekunde 50 na dakika 3 kuna tofauti ya mtu kusema "naam?" na mtu kukata simu na kulalamika. Ipo itifaki nyingine ndogo, BFD, ambayo kwayo ruta mbili hupeana salamu mara kadhaa kila sekunde, na salamu tatu zikikosekana BGP inaambiwa mara moja. Kuiwasha ni mistari michache ya usanidi. Sijui fundi aliyewahi kujuta kuiwasha, isipokuwa aliyeiwasha kwenye njia ya redio inayoyumba kila mvua inyeshapo. Huyo ruta yake iligeuza njia usiku kucha kama aliyekosa usingizi.

Lakini itifaki zote hizi zinaamini kwamba njia mbili ni njia mbili. Ardhi ya kwetu haikubaliani nazo daima. Tuna mkongo wa taifa, zaidi ya kilomita elfu moja, uliotandazwa na Burundi Backbone System, kampuni ya ubia kati ya serikali na makampuni ya mawasiliano iliyopata msaada wa Benki ya Dunia. Upande wa pili wa mpaka, mkongo wa taifa wa Tanzania umefika Kabanga, mkabala na Kobero. Kutoka mjini hapa kwenda huko unapanda ule ukingo mkali wa Mumirwa kuelekea Bugarama, kwenye udongo ambao mvua za masika huuporomosha. Ukishuka kusini, barabara ya Rumonge imebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mnaijua Gitaza na maporomoko yake. Magharibi kuna Gatumba, ambako maji ya mto Rusizi na ya ziwa yamewahamisha watu tena na tena tangu 2020. Popote unapozika waya mji huu una mlima upande mmoja na maji upande mwingine.

Kwa hiyo mnunuzi mkubwa, benki au hospitali, anapoambiwa ana njia mbili kutoka kwa makampuni mawili, swali lake lisiwe kuhusu majina ya makampuni. Aombe ramani. Makampuni mawili yanaweza kukodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja, au kuzika nyaya mbili kwenye mtaro uleule wa barabara ileile, na tingatinga moja linalosafisha maporomoko likazing'oa zote kwa mkupuo mmoja. Halafu aulize uwezo. Njia mbili ambazo kila moja imejaa asilimia 80 hazina akiba. Ikifa moja, nyingine inaombwa kubeba 160. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi, lakini ni nadra kuikuta kwenye mkataba.

Kuna mzigo ambao haukupaswa kutoka nchini hata kidogo, na huo ni rahisi kuuokoa. Kenya walipofungua kituo chao cha kubadilishana trafiki, KIXP, Novemba 2000, Telkom Kenya ilikilalamikia kwa mdhibiti na kikafungwa baada ya wiki chache; kilirudi Februari 2002. Hadi wakati huo barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda jirani yake ilikuwa ikizunguka ng'ambo. Ripoti ya Internet Society ya 2012 ilionyesha kwamba ucheleweshaji wa trafiki ya ndani ulishuka kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Bujumbura nayo ina kituo chake, BDIXP. Pakiti inayotoka Ngagara kwenda Kinindo kupitia hapo haina habari na Durban. Ila kituo kinasaidia kile tu kilichohifadhiwa nchini, na tovuti nyingi tunazoziita zetu zinakaa kwenye seva za Ulaya kwa sababu huko kupanga ni rahisi.

Fikirieni huduma za pesa kwa simu, Lumicash na EcoCash. Unapobonyeza nyota, namba na alama ya reli, ombi lako linasafiri kwenye njia za ishara za mtandao wa simu, zisizohusiana na intaneti. Seva ikiwa nchini, muamala unakamilika hata bahari yote ikikatika. Lakini wakala anayetumia apu, au benki inayothibitisha salio kupitia kompyuta iliyo nje, yuko kwenye foleni pamoja na sisi wengine.

Najua kuna mtu anangoja nitaje Starlink, iliyoanza kutoa huduma Burundi mwaka 2024. Ni njia ya kweli ya tatu: satelaiti zake ziko takriban kilomita 550 juu, kwa hiyo ucheleweshaji ni mdogo, na hazina mtaro wa kuporomoka. Hospitali yenye jenereta ikiweka sahani moja juu ya paa imefanya jambo la busara. Kuitegemea kwa mji mzima ni jambo jingine. Novemba 2024 kampuni hiyo yenyewe ilisimamisha usajili mpya Nairobi kwa sababu nafasi zilikuwa zimejaa. Anga nayo ina foleni.

Inabaki orodha: nani apite kwanza. Za kwanza ni pakiti za ruta zenyewe, zile salamu za BGP na BFD, maana zikipotea kwenye msongamano ruta zitadhani njia imekufa na kuanza kuhangaika. Halafu huduma ya majina, DNS, mzigo mdogo ambao bila huo hakuna kinachofunguka. Halafu sauti, ikiwekewa kikomo ili isije ikameza kila kitu. Halafu malipo na hospitali. Video na masasisho ya simu yakae nyuma, yaonje kinachobaki. Mpangilio huu ni wangu na unaweza kupingwa, na ningependa upingwe hadharani, kwa sababu hivi sasa orodha ya aina hii, pale ilipo, inaandikwa na fundi mmoja kwenye usanidi wa ruta na hakuna anayeisoma. ARCT, mdhibiti wetu, inaweza kuwataka watoa huduma waichapishe, pamoja na vipimo vya ucheleweshaji na upotevu wa pakiti mwezi hadi mwezi. Apewaye kipaumbele kwa malipo ya siri ni suala la mdhibiti, si la ruta.

Na akiba ijaribiwe. Nimekutana na njia za akiba zilizolipiwa kwa miaka ambazo hazijawahi kubeba pakiti hata moja ya mteja. Chagueni Jumapili saa nane usiku, watangazieni wateja, kisha zimeni njia kuu kwa makusudi. Mmoja akae na saa ahesabu sekunde hadi trafiki igeuke, mwingine apige simu ya sauti mfululizo, wa tatu aandike pakiti zinazopotea kwenye kila daraja la foleni. Rudisheni njia, hesabuni tena, maana kurudi nako huangusha mitandao. Kama sekunde zimefika 90 au 180, hakuna siri: BFD haijawashwa. Kama trafiki imegeuka haraka lakini sauti imekufa, madaraja hayajasomwa upande wa akiba, na mara nyingi ni kwa sababu usanidi wa foleni uliandikwa kwenye ruta ya njia kuu peke yake. Hilo linarekebishwa kwa asubuhi moja, na ni vyema asubuhi hiyo iwe kabla ya mvua za Machi.